Mwani Unapogeuka Mweupe: Somo la Magonjwa na Waharibifu wa Shamba la Baharini

Katika ziara zetu kwenye vikundi vya wakulima wa mwani, swali linaloulizwa kuliko yote halihusu bei wala mkopo. Mama anashika tawi la mwani lililopauka, anatuonyesha lilipokatika, kisha anauliza: "Huu niuwekee dawa gani?" Tumeona vema somo la toleo hili lijibu swali hilo kwa kirefu. Tunaanza na sehemu ya jibu ambayo kwa kawaida haiwapendezi wasikilizaji: dawa ya kumwaga baharini hakuna, na anayekuuzia moja anakula fedha yako. Hata hivyo yapo mengi ya kufanya, na mengi yake yanahitaji macho, mikono na umoja wa kikundi kuliko fedha.

Kwa wasomaji wetu wa bara ambao hawajaona shamba la aina hii, tueleze kidogo. Pwani yetu ya Bagamoyo, pale Mlingotini na vijiji jirani, wakulima, na wengi wao ni akina mama, hupigilia vigingi kwenye mchanga wa bahari na kufunga kamba kati yake. Kwenye kamba hiyo hufungwa vipande vya mwani kwa vikamba vidogo viitwavyo taitai. Baada ya wiki 6 hivi kipande kimekuwa kichaka. Huvunwa, hukaushwa na kuuzwa nje ya nchi, ambako hutolewa ute wa kugandishia vitu kama dawa ya meno, aiskrimu, nyama za kopo na vipodozi. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshatumia miaka mingi kuutafiti mwani wa pwani yetu. Katika miaka ya 1990 kilimo kikavuka kuja Tanzania Bara.

Aina zinazolimwa ni mbili. Upo mwani mwembamba, ambao wanunuzi huuita spinosamu, na upo mwani mnene, yaani kotonii. Mwani mnene ute wake huganda vizuri zaidi na bei yake kwa kawaida ni karibu mara mbili ya ule mwembamba. Lakini mwani mnene ndio dhaifu. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 umekuwa ukifa katika sehemu nyingi za pwani yetu na visiwani, na wakulima wengi wamelazimika kurudi kwenye mwembamba wenye bei ndogo. Kwa hiyo tunapozungumza habari za magonjwa ya mwani tunazungumza habari za kipato cha nyumba kilichokatwa nusu.

Hasara isiyoonekana

Tufanye hesabu ya mfano. Kamba moja ina vipande 40, kila kimoja gramu 100, jumla kilo 4 za mbegu. Mwani wenye afya ukikua kwa asilimia 4 kila siku, baada ya siku 42 kila kipande kitakuwa na uzito wa gramu 520 hivi, na kamba nzima karibu kilo 21. Toa kilo 4 za kupanda tena, zimebaki kilo 17. Zikikaushwa, kwa makadirio ya kilo 7 mbichi kutoa kilo 1 kavu, unapata kilo 2 na nusu kasoro kidogo.

Sasa mwani uleule ukiwa umeelemewa na ugonjwa, ukakua kwa asilimia 1 tu kwa siku, kipande kitafika gramu 150. Kamba itakuwa na kilo 6. Toa mbegu, zimebaki kilo 2 mbichi, ambazo hazifiki hata robo tatu ya nusu kilo zikikauka. Hapo hatujahesabu vipande vilivyokatika na kuchukuliwa na maji. Mkulima ameamka, ameingia majini kwa wiki 6, kamba imejaa, kwa mbali shamba linaonekana lipo, lakini hakuna kitu. Ndiyo maana tunasema usingoje mpaka mwani uanguke ndipo useme unaumwa.

Ugonjwa wa weupe

Wataalamu huuita aisi-aisi, jina lililotoka Ufilipino ambako ulielezwa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1970. Dalili yake ni tawi kupoteza rangi kwenye sehemu moja, mara nyingi katikati, likawa jeupe na laini. Baada ya siku chache sehemu hiyo hukatika, na kila kilichokuwa mbele yake huenda na maji.

Wakulima wengi huamini kwamba weupe huu ni mdudu aliyeingia kutoka nje, kama vile funza anavyoingia kwenye hindi. Hali ilivyo ni tofauti kidogo. Bakteria wanaohusika wamo baharini siku zote, hata kwenye mwani mzima. Wanapata nguvu pale mwani wenyewe unapokuwa umechoka, na kinachouchosha ni joto, maji kupungua chumvi, au mwanga kuwa hafifu. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba mwani hupauka maji yanapofika nyuzi 33 hadi 35, au chumvi inaposhuka hadi gramu 20 kwa lita au chini ya hapo. Maji ya kawaida ya bahari yana gramu 35 hivi.

Ukiyajua hayo utaitazama pwani yako kwa jicho jingine. Kwetu, bamvua la kupwa hutokea mnamo saa 4 asubuhi na kuendelea. Maji yanakuwa machache kabisa wakati jua linapanda. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, upepo ukitulia, kidimbwi kilichobaki kati ya vigingi huchemka kiasi kwamba mguu wenyewe unakwambia. Mwani uliopandwa juu karibu na ufuko ndio unaoumia kwanza. Kisha huja masika. Mto Ruvu unaoingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo humwaga maji baridi yenye tope, na vijito vidogo vya kwenye mikoko hufanya hivyohivyo. Chumvi inapungua, maji yanakuwa na ukungu, mwanga haufiki. Shamba moja linaweza kupigwa na joto mwezi Machi na maji ya mvua mwezi Aprili bila nafasi ya kupumua katikati.

Miaka ya joto kali, kama 1998 na 2016, hata matumbawe yetu yalipauka kwa wingi. Bahari inaendelea kupata joto, na hili si jambo ambalo kikundi cha watu 20 kitalizuia. Kinachowezekana ni kuhama. Vikundi vilivyosogeza kamba zao kwenye maji yenye kina kidogo zaidi, mahali ambapo hata bamvua likipwa mwani unabaki umefunikwa na maji yanatembea, hupata nafuu. Njia iliyojaribiwa hapa Bagamoyo na visiwani ni ya kamba zinazoelea: kamba ndefu imetiwa nanga pande mbili na kushikiliwa juu kwa maboya, ambayo mara nyingi ni chupa tupu za plastiki. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar imefanya kazi kubwa katika kuifundisha njia hii, na pia ile ya kujaza mwani ndani ya nyavu zenye umbo la bomba ili usikatike na kupotea.

Hapa tuna neno kwa wafadhili na maofisa wenzetu. Maji ya kina yanataka chombo, na yanataka mtu anayejua kuogelea. Akina mama wengi wa pwani hii hawakufundishwa kuogelea. Mradi unaopeleka kamba kilindini bila mashua, bila maboya ya kujiokolea na bila mafunzo ya kuogelea unahamisha hatari kutoka kwenye mwani kwenda kwa mkulima. Sisi tunaona kikundi kisichokuwa na chombo kibaki kwenye maji ya kiunoni kwanza, huku kikiweka akiba.

Kuna jambo la kufanya siku ileile unapoona weupe. Kata sehemu iliyopauka, pamoja na kidogo cha sehemu nzima iliyo jirani, uitie kwenye kapu na uipeleke nchi kavu, mbali na mahali maji yanapofika. Kama weupe umeenea kwenye kamba nyingi, vuna kilicho kizima mara moja hata kama siku hazijatimia. Kauka kwake kuwe kando, juu ya kichanja, na usikichanganye na mwani mwingine kwa kusudi la kuongeza uzito. Mwani mgonjwa hutoa ute hafifu, na mnunuzi akiukuta ndani ya gunia moja hushusha bei ya magunia yote ya kijiji.

Vidoa vyeusi na manyoya

Mharibifu wa pili ni mmea mdogo unaoota juu ya mwani, kama vile kupe anavyokaa kwenye ng'ombe. Huanza kama vidoa vyeusi vidogo sana, ambavyo mtu mwenye haraka atadhani ni uchafu. Baada ya wiki 3 au 4 ngozi ya mwani inakuwa na vipele na kukwaruza, na nywele fupi za rangi ya kahawia au nyeusi zimeota. Mizizi yake huzama ndani ya ngozi, kwa hiyo nywele zikianguka huacha vishimo, na bakteria wale tuliowataja hupata mlango. Ufilipino na Malaysia mashamba makubwa ya mwani mnene yameharibiwa kwa namna hii.

Usiichanganye na uchafu mwingine wa kawaida, yaani majani ya bahari na mwani wa porini unaojizungusha kwenye kamba. Huo hauna mizizi ndani ya mwani wako. Utikise ndani ya maji nao utatoka. Ukiuacha hunyima mwani mwanga na kuongeza uzito hadi kamba inagusa mchanga, lakini tiba yake ni mkono tu. Namna ya kutofautisha ni kupitisha kidole gumba juu ya tawi. Likiwa laini baada ya kusafishwa, una uchafu. Likibaki na vipele, una ugonjwa, na kamba hiyo isitoe mbegu tena.

Kuna tatizo moja la kalenda. Mkulima huingia shambani siku za bamvua. Wakati wa maji mafu bahari haipwi vya kutosha, na kwa muda wa wiki nzima hakuna anayeuona mwani. Vidoa vilivyokuwa vitano vinakuwa mia bila shahidi. Kwa sababu hiyo siku ya mwisho ya bamvua, ambayo wengi huitumia kufunga mbegu haraka haraka maji yakijaa, ni vizuri itengwe kwa ukaguzi. Mbegu zifungwe siku za mwanzo.

Nywele zinazowasha

Hili linamhusu mkulima mwenyewe. Wapo bakteria wa rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, waitwao Lingbya, ambao hukua kwa nyuzi ndefu zinazoteleza, nyeusi au kahawia, mithili ya nywele zilizolowa. Hujitanda juu ya mwani na majani ya bahari, hasa wakati wa joto na maji yakiwa yametulia. Baadhi yao wana sumu inayochoma ngozi. Wakulima wa mwani katika pwani yetu wamelalamika kuwashwa, kutoka malengelenge na kuumwa macho baada ya kuzishika.

Tumekuta sehemu nyingine watu wakichukulia kwamba kuwashwa ni sehemu ya kazi. Hatukubaliani nao. Mkulima anayeona nyuzi hizi avae glavu na nguo ya mikono mirefu, viatu vya mpira, na asijifute uso kwa mkono uliozishika. Akitoka majini avue nguo zile na kuoga kwa maji baridi na sabuni, siyo kukaa nazo zikauke mwilini huku akianika mwani. Watoto wasisaidie kusafisha kamba za aina hiyo. Anayepata malengelenge au macho mekundu aende zahanati na aeleze kwamba ameshika nini, maana mhudumu asipoambiwa habari ya bahari anaweza kutibu kitu kingine. Na nyuzi hizo zisichanwe na kuachwa zielee. Zitakwenda kwa jirani.

Wenye meno

Tasi, ambao wengine huwaita chafi, hupenda mwani kama mbuzi anavyopenda mchicha. Wadogo wao hudonoa ncha, na utaona matawi yote yamekatwa sawasawa kama kwa mkasi. Wakubwa hukwangua ngozi na kuacha mti wa katikati. Kasa huuma kipande kizima na kuacha pengo kwenye kamba. Wapo pia viumbe wa duara wenye miiba wanaotembea chini, ambao hula mwani uliolegea hadi mchangani.

Kwa hawa wa chini, kaza kamba na uwaondoe kwa mkono wenye glavu. Kwa tasi, vikundi vingine huweka madema karibu na shamba, na mharibifu anakuwa kitoweo. Tunaipenda njia hii kuliko zote. Kamba zikipandwa kwa pamoja na kwa siku moja, samaki hugawana hasara katika shamba kubwa, ambapo kamba mbili za peke yake zinaweza kumalizwa kwa muda mfupi. Kasa ni suala la kisheria. Analindwa, na asiuawe wala asitegwe. Mfukuze, au hamisha kamba zilizo jirani na malisho yake ya majani ya bahari.

Kwa nini tusitie dawa?

Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga samaki wa bahari na matumbawe nyumbani, ndani ya matangi ya kioo yenye maji ya chumvi. Nao wana maradhi yao: vidoa vyeupe juu ya samaki, minyoo bapa, konokono na nyuzi za Lingbya hizihizi. Wao wanaweza kupima chumvi kila siku, kushusha joto kwa mashine na kumhamishia mgonjwa kwenye tangi lingine. Hata hivyo wanajua kwamba dawa ya shaba inayoua kimelea cha vidoa vyeupe huua pia kamba wadogo, konokono na matumbawe, kwa hiyo hawaitii kwenye tangi kubwa; humtibu samaki peke yake pembeni. Ikiwa mwenye bahari ya lita 200 ndani ya sebule anaogopa kumwaga dawa, sisi wenye bahari isiyo na ukuta tutaimwaga wapi? Itaondoka na maji ya kwanza, ikiwa imeshagusa pweza, chaza na vifaranga vya samaki ambavyo kijiji kizima kinavitegemea. Tunataja hili kwa sababu tumeulizwa habari ya blichi, sabuni ya unga na dawa za pamba. Yote hayo, hapana.

Lakini wafugaji hao wana desturi moja tunayopaswa kuiiga. Kiumbe mpya hakuingizwi tangini siku aliyonunuliwa. Hukaa peke yake kwa wiki kadhaa akiangaliwa.

Mbegu mpya ni mgeni

Mwani wa shambani haupandwi kwa punje. Tunakata tawi na kupanda tena, na la hilo tunakata tena, na mwani tulio nao ni vipande vya mimea michache iliyoletwa miongo zaidi ya mitatu iliyopita. Wakulima husema mbegu "imechoka", na hawako mbali na ukweli: mimea iliyo sawa hudhoofika kwa pamoja. Ndipo kikundi hutafuta mbegu ng'ambo, Unguja, Tanga au Mafia, na gunia linaposhuka kutoka kwenye jahazi kila mtu anachukua fungu lake na kulifunga jioni ileile. Maradhi yakiwemo ndani ya gunia, kufikia bamvua lijalo yamo katika kila kamba.

Tunashauri kikundi kichague sehemu moja upande ambao maji yanatokea shambani kwenda nje, mbali na kamba nyingine, iwe ya wageni. Mbegu ikaguliwe tawi kwa tawi ndani ya karai lenye maji ya bahari. Yenye vidoa, weupe au nywele itolewe nchi kavu. Iliyobaki ifungwe sehemu ya wageni na ikae bamvua mbili, yaani mwezi mmoja, kabla ya kugawanywa. Mwezi mmoja ni mrefu kwa mtu mwenye ada ya shule mbele yake, tunafahamu. Kwa hiyo mbegu iagizwe kabla ile ya zamani haijaisha.

Na mbegu ya nyumbani ichaguliwe kwenye mwani bora, matawi machanga ya nchani, kabla ya kuvuna. Desturi ya kuuza mzuri na kupanda tena uliobaki inachagua udhaifu kila baada ya wiki 6. Kamba na taitai zilizotoka kwenye shamba gonjwa zianikwe juani zikauke kabisa kabla ya kurudi majini.

Zoezi la kikundi

Kikundi kinunue daftari moja. Kila bamvua mwanachama mmoja, kwa zamu, apite kamba 10 zilezile na kuandika: tarehe, idadi ya vipande vyenye weupe, vyenye vidoa, vilivyoliwa na vilivyokatika, mvua ilinyesha au la, upepo ulikuwa kaskazi au kusi. Wenye kipimajoto wapime maji saa 6 mchana. Asiyejua kuandika achore alama, hesabu ni ileile.

Baada ya mwaka mmoja, kaeni na daftari hilo mjadili: ni mwezi gani weupe ulianza, na ulianzia upande gani wa shamba? Mwani mnene ulistahimili miezi mingapi, na je, inafaa kuupanda miezi hiyo tu na kurudi kwenye mwembamba kaskazi ikikolea? Kuna sehemu ya shamba inayostahili kupumzishwa bamvua kadhaa? Afisa uvuvi wa wilaya akija, mwonyesheni kurasa zenyewe. Vikundi vitakavyopenda tuvitembelee kwa ajili ya ukaguzi wa mbegu vituletee taarifa kupitia viongozi wao wiki moja kabla ya bamvua, maana tukija maji yakiwa mafu tutaishia kunywa chai tu.